Miguu minane: historia ya chipu ya 555, na siku iliyoniabisha

Leo siandiki juu ya siasa wala juu ya dosie za kutafutia kazi. Nataka kuwapa historia ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye miguu minane, ambacho kilinipatia pointi 14 kwa 20 kwenye egzamini, kisha vakansi ileile kikaniabisha mbele ya mtu aliyeacha masomo darasa la sita.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa gradua, elektroniki. Mwalimu alichora mstatili ubaoni, akaweka namba 1 mpaka 8 kandokando, akaandika NE555, halafu fomula mbili chini yake. Tulikopi, tukakariri, tukarudisha kwenye karatasi. Hakuna aliyetuletea hiyo chipu tuishike, na kusema kweli na sisi hatukuuliza. Egzamini ilikuwa inaomba fomula, na fomula tulikuwa nazo.

Vakansi ilipofika, nikaenda kusaidia papa mudogo pale sokoni Kenya (ni komine yetu ya Lubumbashi, wa mbali wasifikiri nilivuka mipaka). Yeye ni fundi radio. Ana meza moja, mwavuli mmoja, na mlima wa mizoga ya radio, ampli na televisheni ambazo wenyewe walizikatia tamaa. Siku ya tatu akaja mama mmoja, jirani wa nyumba ya pili, anayeuza bukari na samaki kwa mafundi wa soko. Shida yake mnaijua wote: maji ya bomba kwake yanakuja usiku, saa isiyojulikana. Leo saa saba, kesho saa kumi. Akilala, yanapita, na siku hiyo hakuna kupika, hakuna kuuza. Akikesha, anafika sokoni na macho mekundu. Akauliza kama kuko kintu ya kuweza kumuita pale maji yanapofika.

Papa mudogo hakujibu. Alinitazama mimi. “Enjenieri eko hapa. Atatengeneza.”

Akachokora ndani ya kopo la maziwa ya unga, akatoa chipu nyeusi, akaiweka mbele yangu. Nilisoma maandishi: NE555. Furaha ikanijaa, nikajisemea, hii naijua mpaka ndani! Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Miguu minne huku, minne kule, na haina namba hata moja. Mguu wa kwanza ni upi? Ubaoni namba zilikuwa zimeandikwa.

“Weye, banakufundishaka nini kule?” Hakusema kwa ukali. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye alama ndogo iliyochongwa upande mmoja. “Hapa kuko kijishimo. Kiweke juu. Mwanzo iko kushoto. Unashuka, unavuka, unapanda.”

Yule mama aliona yote. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliniuma kuliko kicheko. Usiku huo sikulala vizuri, nikaanza kutafuta: hii kitu ilitoka wapi, nani aliitengeneza, na kwa nini iko ndani ya kopo la maziwa la mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo?

Tuanze nyuma kidogo, na tuanze karibu na nyumbani, kwa sababu babu yangu alifanya kazi Kipushi. Mnajua mgodi ule, uliofunguliwa mwaka 1924 na kuitwa Prince Léopold, kilomita kama 30 kutoka hapa, mpakani na Zambia. Tulifundishwa kwamba Kipushi ni shaba na zinki. Ni kweli, lakini ndani ya mawe yale mlikuwa na kitu cha tatu, jermaniamu, na madini moja yenye jermaniamu, renierite, yalitambuliwa palepale. Katika miaka ya 1950 Kipushi ilikuwa kati ya machimbuko makubwa ya jermaniamu duniani. Na jermaniamu ndiyo iliyokuwa nyama ya elektroniki ya wakati ule: transistori ya kwanza, mwaka 1947 huko Bell Labs, Marekani, ilikuwa ya jermaniamu.

Miaka kumi na moja baadaye, kiangazi cha mwaka 1958, mtu mmoja anayeitwa Jack Kilby alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na kampuni ya Texas Instruments, mjini Dallas. Wenzake wote walikwenda vakansi. Yeye, kwa kuwa ni mgeni, hakuwa bado na haki ya vakansi, akabaki karibu peke yake ndani ya laboratwari. Shida iliyokuwa inasumbua wote ni hii: transistori zimekuwa ndogo, lakini bado lazima mtu aziunganishe moja moja kwa mkono, waya kwa waya, pamoja na rezistansi na kondensateri. Sirkwi yenye viungo elfu ina nafasi elfu za kuharibika. Kilby akawaza: kwa nini vyote visitengenezwe ndani ya kipande kimoja cha kitu kilekile? Tarehe 12 Septemba 1958 akawaonyesha wakubwa wake kipande cha jermaniamu chenye urefu wa milimita 11 hivi, kikiwa na nyuzi za dhahabu zimepinda juu yake ovyo kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Akakipa umeme. Kwenye skrini ya osiloskopu likatokea wimbi. Ndiyo chipu ya kwanza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutikisika, kwenda na kurudi. Kazi hiyohiyo ndiyo nilikuwa naombwa kuifanya kwa ajili ya mama wa bukari.

Mwaka uliofuata Robert Noyce, wa kampuni ya Fairchild huko California, akaonyesha njia bora zaidi. Alitumia silikoni, na badala ya nyuzi za juu, njia za metali zililala juu ya chipu yenyewe, kwa kutumia ufundi wa mwenzake Jean Hoerni. Silikoni inavumilia joto kuliko jermaniamu, na inajitengenezea ngozi safi ya kuikinga. Basi soko likahamia huko, na jermaniamu ya Kipushi ikapoteza kiti chake. Mgodi wenyewe ulikuja kusimama mwaka 1993, ukarudia kutoa mali mwaka 2024. Na mwaka huohuo wa 2024 jermaniamu iliyotolewa kwenye ule mlima mweusi wa mabaki tunaouona wote hapa Lubumbashi ikaanza kupelekwa Ubelgiji. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba elektroniki ni mambo ya wengine, mimi natazama tu ule mlima.

Lakini chipu za miaka ya 1960 hazikuwa za watu kama papa mudogo. Zilikuwa ghali, na wanunuzi wakubwa wa mwanzo walikuwa wawili: makombora ya Minuteman II na kompyuta ya Apollo, ile iliyowapeleka watu mwezini. Mtu wa kutengeneza vitu nyumbani, mezani kwa mama yake, alikuwa hana nafasi. Chipu ilikuwa inamwomba mambo mengi: volti mbili tofauti, usahihi, vifaa vya kupimia. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1968, pale Dave Fullagar wa Fairchild alipotoa ampli ya hesabu inayoitwa 741. Zilizoitangulia zilitaka mtu aongeze kondensateri zake nje, akikosea kidogo zinaanza kupiga kelele zenyewe. Fullagar akaiweka kondensateri ndani kabisa. Mtu asiye na osiloskopu akaweza kuitumia bila kuogopa. Ni kakitu kadogo, lakini ka heshima: mtengenezaji alimfikiria mtu asiyemjua.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda katika habari hii.

Hans Camenzind alizaliwa Zurich, Uswisi, mwaka 1934. Akahamia Marekani mwaka 1960, na mwaka 1968 akaingia Signetics, kampuni ya chipu huko California. Kazi yake pale ilimfundisha kutengeneza kitikisiko kisichobadilika hata volti ikipanda au ikishuka. Kumbukeni hilo, tutalirudia. Halafu uchumi ukayumba, kampuni ikapunguza watu. Camenzind akatoa pendekezo: mimi nitoke, nifanye kazi peke yangu, nyinyi mniazime vifaa, nami nitawatengenezea chipu moja ya kupima muda, ya matumizi yote. Maenjenia wengine wa Signetics hawakuona faida: kitu hicho, walisema, mtu anaweza kukiunda kwa chipu tunazouza tayari, kwa nini tujipunguzie soko? Aliyeamini alikuwa mtu wa mauzo, Art Fury. Yeye aliwajua wanunuzi.

Basi tunamkuta Camenzind kwenye ofisi ndogo katikati ya mji wa Sunnyvale, imebanwa kati ya migahawa miwili ya Kichina. Ana mke na watoto wanne nyumbani, na mapato yake hayafiki dola 15000 kwa mwaka, ambazo kule si pesa ya kujivunia. Hana kompyuta ya kumchorea. Anaunganisha transistori za kawaida juu ya plaketi ya majaribio, anapima, anabadilisha, anapima tena. Mimi nikisoma hayo, sikuona laboratwari ya sinema. Niliona meza ya sokoni Kenya.

Kiangazi cha mwaka 1971 mchoro wake wa kwanza ukapita kwenye ukaguzi. Hakuna kosa lililoonekana. Mtu mwingine angelala usingizi wake. Siku chache baadaye wazo likamjia: ile sehemu ya ndani iliyokuwa inatoa mkondo usiobadilika ili kujaza kondensateri, naweza kuiondoa kabisa, rezistansi moja ya kawaida kutoka nje ifanye kazi hiyo. Matokeo yake? Mchoro wa kwanza ulikuwa na miguu tisa, huu mpya una minane. Tofauti ya mguu mmoja inaonekana ni mchezo, lakini kwa wakati ule nyumba za plastiki za chipu zilikuwa za miguu minane au 14. Ya miguu tisa ingelazimika kukaa ndani ya nyumba ya 14, kubwa na ghali zaidi. Kwa minane ikawa ndogo na rahisi. Akaurudia mchoro wote. Kisha akaanza kazi ya kukata kwa kisu, kwenye karatasi nyekundu ya plastiki iliyotandazwa, sura ya kila transistori, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya mkono kweli, kama mshonaji anavyokata kitambaa.

Ndani ziko transistori zaidi ya ishirini, na rezistansi kumi na kadhaa. Ikaingia sokoni mwaka 1972 kwa senti 75 za dola. Jina? Wengi wanasema 555 inatokana na rezistansi tatu za kilo-ohm 5 zilizo ndani. Ni hadithi nzuri, na hata mimi niliiandika kwenye egzamini, nikapewa pointi! Camenzind mwenyewe alisema hapana: Art Fury ndiye aliyechagua namba hiyo, basi.

Hizo rezistansi tatu, hata kama hazikutoa jina, ndizo zenye siri yote. Niwaeleze polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekariri bila kuelewa. Zimepangwa moja juu ya nyingine, kutoka kwenye volti ya betri mpaka chini, na zote ni sawa. Kwa hiyo zinaikata volti mafungu matatu: kuko alama ya theluthi moja, na kuko alama ya theluthi mbili. Kila alama ina mlinzi wake, ambaye kwenye vitabu vyetu anaitwa komparateri. Nje ya chipu wewe unaweka kondensateri, inajazwa kupitia rezistansi, kama ndoo chini ya bomba linalotoa maji kidogokidogo. Volti ya kondensateri ikipanda mpaka theluthi mbili, mlinzi wa juu anapiga kelele, chipu inafungua mlango wa chini, mguu wa 7, kondensateri inamwagika. Ikishuka mpaka theluthi moja, mlinzi wa chini naye anapiga kelele, mlango unafungwa, kujaza kunaanza tena. Panda, shuka, panda, shuka. Kila mzunguko, mguu wa 3 unapanda na kushuka nao, na unaweza kutoa mpaka miliampea 200, zinazotosha kuliza spika ndogo au kuvuta rele bila msaada.

Sasa, betri ikichoka, itakuwaje? Tuseme ilikuwa volti 9, imebaki 7. Kondensateri inajaa polepole zaidi, kwa sababu anayeisukuma amechoka. Lakini alama nazo zimeshuka, kwa kiasi kilekile! Theluthi mbili ya 7 iko chini kuliko theluthi mbili ya 9. Basi mwendo ni mrefu kwa nguvu nyingi, au mfupi kwa nguvu kidogo, na muda unabaki karibu uleule. Camenzind hakuwa anafikiria Lubumbashi. Alikuwa anafikiria betri na vifaa vya bei ndogo vya huko kwao. Lakini ukiishi mahali ambapo umeme wa nyumbani ni 220 kwenye karatasi na 160 jioni kwenye mita, utaelewa kwa nini chipu inayohesabu kwa mafungu, siyo kwa volti kamili, ilijisikia iko kwao hapa.

Na pia haiombi mengi. Ukiipa volti 5, sawa. Volti 12 za betri ya gari, sawa, mpaka 16. Tabia yake yote iko nje, kwenye rezistansi na kondensateri utakazochagua wewe. Chipu ileile inapepesa taa, inaliza honi, inachelewesha mlango, inahesabu dakika za kuosha picha. Washindani walianza kuiiga mapema, wakiacha miguu mahali palepale, ndiyo maana leo unaweza kung'oa ya kampuni moja na kupachika ya nyingine bila kuuliza. Signetics yenyewe ilinunuliwa na Philips mwaka 1975, jina lake limefutika kwenye mabango. Herufi zake NE bado ziko juu ya mgongo wa chipu. Inakadiriwa kwamba mwaka 2003 peke yake zilitengenezwa bilioni moja.

Vitabu navyo vilibeba jambo hili. Kule Marekani Forrest Mims aliandika kitabu cha kuanzia elektroniki, mwaka 1983, chote kwa mwandiko wa mkono wake na michoro ya kalamu, kikauzwa kwenye maduka ya Radio Shack pamoja na chipu zenyewe. Kwa upande wa Kifaransa kulikuwa na majarida kama Elektor na Electronique Pratique, yaliyojaa vitu vya kutengeneza nyumbani: kengele, king'ora, chaja. Papa mudogo ana gazeti moja la namna hiyo lisilo na jalada, lina doa la mafuta ya kukaangia, na Kifaransa chake si kingi. Lakini mchoro wa sirkwi anausoma kama mtu anavyosoma jina lake. Nilimuuliza alijifunzaje. Akasema alikuwa anafuata njia kwenye plaketi kwa kidole, anachora, halafu analinganisha na gazeti. Miaka.

Nirudi kwa mama wa bukari, maana alikuwa anangoja.

Mpango ulikuwa hivi. Waya mbili za shaba ndani ya ndoo, chini ya bomba. Maji yakigusa zote mbili, umeme kidogo sana unapita kati yao, unaamsha transistori ndogo, nayo inaifungulia 555 njia ya betri. 555 inaanza kutikisika, spika inalia. Nilipiga hesabu kwa ile fomula ya egzamini: 1.44 gawanya kwa rezistansi ya kwanza kujumlisha mara mbili ya ya pili, mara kondensateri. Kilo-ohm 10, kilo-ohm 68, nanofaradi 10. Inatoka karibu mara 986 kwa sekunde, sauti kali ya kumwamsha mtu. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza fomula ile kunipa kitu kingine zaidi ya pointi.

Nilichomelea kwa saa mbili. Nikatumbukiza waya ndani ya kikombe cha maji. Kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Nikasema chipu imekufa, kwa sababu mnajua sokoni kuko chipu nyingi za uongo, zimefutwa mgongo na kuandikwa jina jipya. Halafu nikaigusa plaketi kwa kidole ili niing'oe, na spika ikakoroma: krrr! Nikiondoa kidole, kimya. Nikigusa, krrr. Mimi, mwenye pointi 14, nikaanza kuwaza mambo ya kichawi.

Papa mudogo alikuwa anakunywa chai. Hakusimama hata. “Muguu ya mbili na ya sita, uliunganisha?”

Nilitazama daftari: ndiyo, mstari upo. Nikatazama plaketi: haupo. Mguu wa 2 ndio wa mlinzi wa chini. Nilikuwa nimemwacha hewani, hajashikwa na kitu chochote, anangoja kuambiwa kondensateri imefika wapi. Kidole changu kilikuwa kinamletea kelele za umeme wa soko zima, naye anazitii. Hata kuugua kwake kulikuwa ni kufuata fomula.

“Mu daftari iko, mu plaketi haiko,” papa mudogo akasema, akarudia chai yake.

Waya mmoja wa sentimita moja. Nikatumbukiza tena kwenye kikombe. Ililia mpaka muuza viatu wa jirani akatukana.

Najua kuko wasomaji watakaosema: yaya, siku hizi kuko Arduino tangu 2005, kuko vikadi vidogo vya bei ya bia mbili, unaandika mistari mitano ya programu na umemaliza. Kweli, na mimi ninavyo, ninavipenda. Lakini kikadi kinakuomba kompyuta, kebo, na umeme wa kuwasha hiyo kompyuta. Na kikikataa, kosa liko ndani ya maandishi ambayo huwezi kuyafuata kwa kidole. Sisemi kimoja kiue kingine. Nasema tu kwamba kosa langu la siku ile, fundi wa darasa la sita aliligundua akiwa na kikombe mkononi, kwa sababu kila kitu kilikuwa nje, kinaonekana.

Camenzind alifariki mwaka 2012. Hakuwahi kuwa tajiri wa kutajwa kwenye magazeti. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kubuni chipu kama zile zake, akakiweka bure kwa yeyote anayetaka kukisoma. Nilikipakua usiku, megabaiti zikiwa rahisi, na kipo kwenye simu yangu mpaka leo. Nimefika katikati. Ni kigumu, lakini anaeleza kama mtu aliyekaa karibu nawe. Mwaka jana nilimsomea papa mudogo kurasa mbili, nikigeuza kwa Kiswahili. Alinisimamisha kwenye habari ya transistori mbili pacha zinazotazamana ndani ya chipu, akaniomba nirudie, kisha akachukua kipande cha mkaa na kuichora mezani, tofauti kidogo na ya kitabu. Bado tunabishana juu ya mchoro ule.

Kengele ya mama ilifanya kazi wiki tatu. Wiki ya nne akaja sokoni asubuhi, kanga imefungwa kwa hasira.

“Mwana, ile kintu yako imenyamaza. Maji ilikuya, mie nililala tu.”

Nilikwenda kwake kuona. Betri nzima, chipu nzima. Waya mbili za shaba ndani ya ndoo zilikuwa zimevaa koti la kijani, moja imeliwa mpaka imebaki kama uzi. Umeme wa upande mmoja ukipita majini kila usiku unaila shaba. Somo la kemia la mwaka wa kwanza, na hilo nalo nilikuwa nimelipasi. Niliomba msamaha, nikaenda kwa fundi baiskeli, nikanunua spoki mbili zisizoshika kutu, nikazikata, nikazipachika mahali pa waya. Huu ni mwezi wa saba.

Juzi alinitumia ujumbe saa tisa na dakika ishirini usiku. Haukuwa na neno, ni sauti tu: ile kengele inalia, na nyuma yake maji yanagonga ndoo.